Kasri liliungua 1899, kadi ikapigwa muhuri 1914: jinsi ya kusoma umri wa postikadi za magofu ya Unguja

Nianze na kadi moja tu, maana ndo iliyonivuta kwenye haya mambo. Ni postikadi ya kasri la Maruhubi, lile lililopo ufukweni kama kilomita 4 kaskazini ya Mji Mkongwe ukiwa unaelekea Bububu, na kwenye picha jumba limesimama zima kabisa, ghorofa ipo, baraza la mbao limezunguka juu, paa lipo, na zile nguzo nene za mawe ambazo leo zimebaki peke yake zinaonekana chini zikiwa bado zimebeba mzigo wake. Ukigeuza nyuma kuna stempu nyekundu ya senti 6 yenye sura ya sultani, Sayyid Khalifa bin Haroub, na muhuri wa posta wa 1914. Sasa shida inaanzia hapo, kwasababu Maruhubi iliungua moto mwaka 1899. Yani mtu amemtumia ndugu yake Ulaya picha ya nyumba iliyoteketea miaka 15 nyuma, na hakuna hata neno moja kwenye kadi linalosema kuwa hiyo nyumba haipo.

Kwanza nikashuku muhuri. Nikauangalia kwa lenzi, wino umelowea kwenye karatasi vizuri, umeanzia kwenye stempu ukashuka mpaka kwenye kadi bila kukatika. Nikashuku tarehe ya moto, nikaenda kusoma, 1899 ndo hiyohiyo kila mahali. Nikashuku picha, labda ni jumba jingine, lakini nguzo ni zilezile ambazo nimeshazishika kwa mkono. Ilinichukua muda kuelewa kwamba kila kitu kwenye ile kadi ni kweli, ila nilikuwa naiuliza umri wake kama vile ina umri mmoja, wakati postikadi ya zamani ina umri wa aina tatu na mara nyingi haulingani: umri wa picha, yani siku mpiga picha alipoweka kamera yake pale, umri wa karatasi, yani siku mtambo ulipoichapa, na umri wa safari, yani siku posta ilipoigonga muhuri. Ukichanganya hizo tatu utapotea, na wauzaji wengi wanazichanganya kila siku, anaona muhuri wa 1914 anaandika "Maruhubi mwaka 1914", mtu mwingine anachukua hiyo anaiweka kwenye maelezo yake, na historia inapinda hapohapo.

Kwanini picha ya zamani iuzwe miaka yote hiyo? Lazima uelewe hizi kadi zilikuwa zinatoka wapi. Pale Unguja kulikuwa na studio za wapiga picha, na majina utakayokutana nayo sana ni A. C. Gomes, J. B. Coutinho na Pereira de Lord, watu wenye asili ya Goa waliofuata biashara kuja huku. Walikuwa wanapiga kwa sahani za kioo, na sahani ya kioo ukiitunza haiharibiki, inakaa kabatini miaka 20 na bado inatoa picha kali kuliko simu zetu nyingi. Sasa fikiria mtu ana sahani nzuri ya Maruhubi aliyoipiga jumba likiwa zima, halafu biashara ya postikadi inakuja kushika moto mwanzoni mwa miaka ya 1900, meli zinaingia bandarini na abiria wana masaa machache ya kutembea mjini na wanataka kitu cha kutuma nyumbani, huyu mpiga picha ataacha kuitumia sahani yake eti kwasababu jumba limeungua? Jumba zima linauza kuliko jumba bovu. Kwahiyo picha ya kati ya 1882, jumba lilipokamilika, na 1899, lilipoungua, inachapwa kwenye kadi ya miaka ya 1900, inakaa dukani, inanunuliwa na msafiri wa 1914. Ndo kadi yangu hiyo.

Halafu kuna jambo jingine, sahani zilikuwa zinarithiwa, zinauzwa, na wengine walikuwa wanaiga kadi ya mwenzao bila kuomba. Kwahiyo usishangae kuona picha ileile kabisa, kivuli kilekile cha mnazi, ikiwa na jina la mchapishaji mwingine. Ukipata hizo mbili ziweke pamoja usiuze moja, maana yenye picha kali zaidi na iliyoonyesha eneo kubwa zaidi pembezoni ndo iliyo karibu na sahani ya asili, ile iliyoigwa huwa imekatwa kingo na ina ukungu kidogo.

Tuje kwenye umri wa karatasi, hapa ndo raha ilipo kwasababu mgongo wa kadi haudanganyi sana. Kadi ya posta yenyewe ilianza Austria-Hungary tarehe 1 Oktoba 1869, kipande cha karatasi ngumu bila picha, Uingereza wakafuata 1870. Kadi zenye picha za makampuni binafsi Uingereza ziliruhusiwa 1894. Ila kulikuwa na sheria moja ambayo inatusaidia mpaka leo: upande wa nyuma ulikuwa ni wa anwani PEKE YAKE. Hakuna kuandika salamu huko. Ndo maana kadi za mwanzo zina picha ndogo imebanwa pembeni au juu, na sehemu nyeupe imeachwa, na mtu ameandika habari zake kuizunguka picha mpaka wino unapanda juu ya bahari. Ukiona kadi ya hivyo ya Unguja, na mara nyingi ni zile za Kijerumani zilizoandikwa "Gruss aus Sansibar", yani salamu kutoka Zanzibar, jua uko miaka ya 1890 au mwanzoni kabisa mwa 1900.

Mwaka 1902 Uingereza wakaruhusu mgongo ugawanywe kwa mstari katikati, kushoto salamu, kulia anwani. Wafaransa wakafuata 1904, Wajerumani 1905, na Umoja wa Posta wa dunia ukakubaliana kwenye mkutano wa Roma 1906, Marekani ikaanza 1907. Hapo katikati kulikuwa na vurugu kidogo, kadi inaruhusiwa nchi moja nchi nyingine hapana, kwahiyo utakuta kadi za miaka ile zimechapwa onyo kwamba sehemu ya kushoto ni kwa barua za ndani ya nchi tu. Mimi nikiona onyo la hivyo nafurahi sana, maana linakubania karatasi kwenye miaka minne mitano tu. Basi ile kadi yangu ya Maruhubi ina mstari katikati na haina onyo lolote, maana yake karatasi haiwezi kuwa ya kabla ya 1902 na pengine ni ya 1907 au baadae. Umri wa picha kabla ya moto, umri wa karatasi baada ya moto. Hakuna mgongano wowote.

Umri wa safari ni rahisi kama muhuri unasomeka, na usiposomeka stempu inakusaidia. Zanzibar ilichukua posta yake mikononi 1895, kabla ya hapo kulikuwa na posta ya India, na stempu za kwanza zilikuwa za India zimegongwa neno Zanzibar juu. 1896 zikaja zenye sura ya Sayyid Hamed bin Thuwaini, 1899 Sayyid Hamoud, 1908 Sayyid Ali bin Hamoud, 1913 Sayyid Khalifa. Na angalia pesa: mpaka 1908 ilikuwa rupia na ana (sarafu ndogo, 16 kwa rupia moja), kuanzia 1908 rupia ikagawanywa senti 100, halafu 1936 ikaja shilingi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 utaona stempu za sultani zimegongwa neno JAMHURI juu ya uso wake, na hizo zikiwa kwenye kadi iliyosafiri kweli ni kitu cha kutunza sana. Pia Wafaransa walikuwa na posta yao hapo Unguja mpaka 1904, kwahiyo usikimbie ukiona stempu ya Ufaransa yenye neno Zanzibar, sio kosa.

Tahadhari moja hapo. Stempu inakuambia kadi haikutumwa KABLA ya mwaka fulani, haikuambii haikutumwa baadae, maana watu walikuwa na stempu kwenye droo kama sisi tulivyokuwa na vocha za kukwangua. Na kuna kadi nyingi stempu imebandikwa upande wa picha, hasa za wakusanyaji wa Ufaransa, walikuwa wanapenda kuona stempu na muhuri pamoja na mandhari. Halafu meli: mtu amenunua kadi Unguja, ameiandika akiwa baharini, ameiposti Mombasa au kwenye posta ya meli yenyewe, kwahiyo picha ni Maruhubi, stempu ni ya nchi nyingine, muhuri umeandikwa Paquebot, yani barua iliyopostiwa melini. Nayo ni sahihi kabisa. Mimi binafsi hizo nazipenda kuliko zote, kwasababu unaweza kuifuata njia ya yule mtu bandari kwa bandari.

Sasa umri wa picha, huu ndo mgumu na ndo unaohitaji kuijua Unguja yenyewe. Mtu aliyekaa Ulaya ana vitabu vya stempu kuliko sisi, lakini wewe unayeijua Forodhani una kitu ambacho yeye hana. Cha kwanza kutafuta ni mnara. Kabla ya Agosti 1896 kulikuwa na mnara wa taa wenye saa umesimama peke yake mbele ya Beit al-Ajaib, lile Jumba la Maajabu, upande wa bahari. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza zikapiga mizinga ikulu kumtoa Sayyid Khalid bin Barghash, ile vita iliyodumu kama dakika 40 tu, na kwa zile dakika chache watu kama 500 upande wa ikulu waliuawa au kujeruhiwa, naomba tusiwe tunaitaja kama kichekesho cha vita fupi kuliko zote duniani. Beit al-Hukm, jumba jingine la ikulu hapohapo, ikabomoka kabisa, mnara ukaharibika, na mwaka uliofuata mnara mpya wa saa ukajengwa ukiwa umeungana na uso wa Beit al-Ajaib. Kwahiyo ukishika kadi ya mji kutokea baharini, angalia: mnara upo peke yake mbele ya jumba, picha ni ya kabla ya mizinga. Mnara umeungana na jumba, ni 1897 au baadae. Hakuna mnara kabisa na kuna kifusi, umeshika picha ya miezi ile yenyewe, kaa nayo vizuri.

Cha pili ni milingoti. Meli ya sultani iliyoitwa Glasgow ilizamishwa siku ileile, ila bandari haikuwa na kina cha kuimeza yote, milingoti yake ikabaki imechomoza juu ya maji mbele ya mji mpaka 1912 walipokuja kuivunja. Miaka 16! Watoto walizaliwa wakakua wanaiona ile milingoti kila asubuhi kama sehemu ya bahari. Kwenye kadi nyingi utaona vijiti vitatu vimesimama majini na muuzaji ameandika "mashua". Sio mashua, ni kaburi la meli, na linakuambia picha imepigwa kati ya Agosti 1896 na 1912.

Ukiona reli, ni gari moshi la Bububu, Wamarekani waliijenga ile njia na ikaanza kazi 1905, ikafa miaka ya 1920 mwishoni. Ukiona bustani pale Forodhani badala ya maghala na mizigo, ni baada ya 1936, zile bustani zilitengenezwa kwa jubilii ya Sayyid Khalifa. Ukiona minara miwili ya lile kanisa tunaloliita Minara Miwili imechomoza juu ya mapaa, basi uko mwisho kabisa wa miaka ya 1890 au baadae.

Na kwenye magofu yenyewe? Hapo hakuna saa wala mlingoti wa kukusaidia, unatumia miti na mawe. Maruhubi baada ya moto ilibaki na mbao zilizoungua na kuta ndefu, kisha miaka inavyokwenda kuta zinashuka, mabirika ya maji yanajaa mayungiyungi, marumaru ya hamamu, yani bafu la kasri, inapotea maana watu waliiiba. Nikizipanga kadi zangu za Maruhubi mezani, kazi yangu ni kufuata ukuta mmoja na kuangalia umebaki na urefu gani. Ukuta haurefuki wenyewe. Kadi yenye ukuta mrefu ni picha ya zamani zaidi hata kama muhuri wake ni wa baadae, isipokuwa kama kuna ukarabati uliofanyika katikati, na hiyo ndo sababu nalinganisha pia madoa na nyufa, ufa ukiwepo kwenye moja na kuzibwa kwenye nyingine unajua kuna fundi alipita.

Kosa kubwa kuliko yote kwenye hizi kadi lakini sio tarehe, ni jina. Kuna majengo ya masultani yasiyopungua manne upande huo wa kaskazini na wachapishaji waliyachanganya bila huruma, kadi moja itakuambia "kasri la zamani" tu, nyingine "magofu, Zanzibar", nyingine Marahubi, Marhubi, Maruhubi. Jina lenyewe linatokana na Mwarabu wa ukoo wa Marhubi aliyekuwa mwenye shamba lile kabla. Hii ndo njia ninayotumia mimi: ukiona safu za nguzo nene zimesimama bila kubeba kitu, na pembeni kajumba kenye kuba, hiyo Maruhubi, aliyoijenga Sultani Sayyid Barghash. Ukiona kuta kubwa za jumba lenye ua mpana katikati karibu na bahari, hiyo inaelekea kuwa Mtoni, kongwe kuliko zote, Sultani Sayyid Said alianza kulijenga 1828, na baada ya kuachwa sehemu yake ilikuja kugeuzwa ghala. Ukiona jengo dogo lenye makuba na ndani plasta imechongwa maua na ndege, hapo umetoka pwani, ni hamamu ya Kidichi, ya 1850. Na kuna Beit el Ras, ambayo Sayyid Said alianza kuijenga 1847 akafariki 1856 haijaisha. Hii inaniuma kila nikiitaja. Mawe yake mengi yalichukuliwa kujengea hiyohiyo reli ya Bububu, na mabaki yakaja kubomolewa 1947 kupisha shule. Yani wale abiria wa meli waliopanda lile gari moshi kwenda kutembea huko kaskazini walikuwa wanapita juu ya kasri moja ili wapate kuyaona mengine. Kadi ya Beit el Ras natafuta mpaka leo.

Kuna mtu mmoja aliniuzia kadi ya nguzo za Maruhubi akiniambia ni uharibifu wa mizinga ya 1896. Nililipa bei ya mizinga. Mizinga ilipiga mjini, Maruhubi iko kilomita kadhaa kutoka hapo na ilichukuliwa na moto miaka mitatu baadae, lakini neno mizinga linapandisha bei na muuzaji analijua hilo. Kwahiyo kabla hujalipa, jiulize jengo lipo wapi.

Jingine linalohitaji moyo ni maneno ya chini ya picha. Kadi nyingi za Maruhubi zinataja "nyumba ya masuria wa sultani", na wanaotembeza wageni bado wanasema masuria 99 na mke mmoja, idadi inasemwa kwa mbwembwe kama hesabu ya embe. Mzungu wa 1908 alinunua kadi kwa ajili ya hilo neno. Lakini wale walikuwa wanawake waliotolewa makwao, wengi utumwani, na kwenye kadi hakuna jina hata moja. Tunajua kidogo maisha yao yalivyokuwa kupitia Sayyida Salme, aliyezaliwa Mtoni 1844, binti wa Sayyid Said, mama yake suria wa Kicherkasi, watu wa milima ya Kaukazi, aliyeitwa Jilfidan, na alichokumbuka akakiandika kwenye kitabu kilichotoka Ujerumani 1886. Ndo maana mimi kwenye albamu yangu, pembeni ya kila kadi ya hivyo, naandika kwa penseli kwenye karatasi nyingine jina sahihi la jengo, nani alilijenga, na kwamba waliishi watu humo. Kadi yenyewe siiandiki kitu.

Kuhusu kutambua iliyochapwa juzi. Nunua lenzi ya mara 10, ile ya masonara inatosha. Ukiona vinukta vimepangwa kwa mstari kama punje kwenye gunzi la mahindi, hiyo ni chapa ya vinukta, inaweza kuwa ya 1910 au ya mwaka jana, inabidi uendelee kuangalia. Ukiona vimikunjo vidogo visivyo na mpangilio, kama tope lililokauka likapasuka, hiyo ni chapa ya zamani ya kioo na jelatini, nzuri sana, na sehemu kubwa ya kadi za kabla ya 1914 zilichapwa hivyo Ujerumani. Usipoona nukta wala mikunjo, rangi inateleza tu kutoka nyeusi kwenda kijivu, hiyo ni picha halisi ya studio iliyosafishwa moja kwa moja kwenye karatasi ya kadi, na ukiinamisha kwenye mwanga mara nyingi sehemu za giza zinang'aa kama fedha, hiyo hali inachukua miaka mingi kutokea. Kisha zima taa washa tochi ya kukagulia noti, karatasi nyingi za baada ya miaka ya 1950 zina dawa ya weupe na zitawaka bluu, karatasi ya zamani inabaki imenyamaza. Pima na ukubwa, kadi za zamani ni kama sentimita 9 kwa 14, za siku hizi ni kubwa zaidi.

Rangi usiziamini. Kadi za rangi za wakati ule zilitokana na picha nyeusi na nyeupe, na aliyepaka alikuwa kiwandani Ulaya hajawahi kuiona Unguja, kwahiyo bahari inatoka kijani cha bwawa, mapaa yanakuwa mekundu kama ya kijiji cha Kijerumani, na kanzu nyeupe inageuka ya njano. Nina mbili za picha ileile, kwenye moja mtu aliyesimama amevaa bluu kwenye nyingine kahawia. Ukitaka kujua Maruhubi ilikuwa na rangi gani, kadi ya rangi ndo shahidi wa mwisho wa kuuliza.

Kupata hizi kadi ukiwa huku ni kazi, nikuambie ukweli, maana zilitengenezwa ili ziondoke. Zilipelekwa Uingereza, Ujerumani, Ufaransa, zikakaa kwenye maboksi ya viatu ya bibi za watu, na leo ziko kwenye minada ya mtandaoni kama eBay na Delcampe. Unainunua picha ya kwenu kwa euro na unalipia nauli yake ya kurudi. Ushauri wangu, tafuta kwa spelingi zote unazoweza kuziwaza, Sansibar ya Kijerumani, Zanguebar ya Kifaransa, maana muuzaji anaandika alichokiona tu. Na kama hela hakuna usijisikie vibaya, kuangalia ni bure: chuo kikuu cha Northwestern kule Marekani kina mkusanyiko wa Winterton, zaidi ya picha 7,000 za Afrika Mashariki za kati ya 1860 na 1960, zimewekwa mtandaoni, na ukizipitia jicho linazoea kabla hujatoa hata shilingi. Hapo nyumbani kuna Nyaraka za Taifa pale Kilimani.

Ukishapata, adui yako ni hewa ya pwani. Unyevu wa Unguja na Dar unaleta kuvu ndani ya msimu mmoja wa masika. Usitumie zile albamu za kurasa zenye gundi, usipige laminesheni hata kidogo, hapo umeiua, usibandue stempu, usifute maandishi ya penseli. Plastiki laini inayonuka kama pazia jipya la bafuni ina kemikali zinazokula wino, tafuta vifuko vya polipropilini vigumu visivyo na harufu. Vile vipakiti vinavyokuja kwenye boksi za viatu, vimeandikwa usile, usivitupe, weka kwenye boksi la kadi na ubadilishe. Skani mbele NA nyuma, ubora uweke dpi 600 kwenye skana, watu wengi wanaskani picha tu wakati nusu ya ushahidi uko mgongoni.

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib ilianguka, pamoja na ule mnara wa 1897, na watu wawili wakafariki. Jioni ile nilitoa kadi zangu zote za jumba lile nikazipanga mezani, ambazo siku zote nilikuwa naziona za kawaida kwasababu ziko nyingi, kila abiria wa meli alituma Beit al-Ajaib. Nikaanza kuzisoma upya kwa lenzi, madirisha, nguzo za chuma za baraza, namna mnara ulivyoshikana na ukuta, vitu ambavyo sikuwahi kuviangalia kwa sababu ningeweza kwenda kuviona.

Mwezi uliofuata nilichukua nakala ya ile kadi ya 1914, sio yenyewe, nikaenda nayo Maruhubi maji yakiwa yamekupwa. Nilitaka kupata pale aliposimama mpiga picha. Unafanya hivi, unachukua vitu viwili kwenye picha, kimoja cha karibu kimoja cha mbali, mimi nilitumia nguzo ya pembeni na kona ya hamamu, unasogea mpaka vikae kama vilivyokaa kwenye kadi. Nilirudi nyuma, nikarudi, nikaingia kwenye mchanga wenye maji, nguzo na kona vikaja vikakutana nikiwa nimesimama maji yananifika kwenye vifundo. Kumbe hakuwa amesimama nchi kavu. Alipiga akiwa kwenye maji yaliyokupwa au juu ya mashua iliyokaa mchangani, jumba likiwa zima mbele yake, na upande wa kushoto wa kadi, pale nilipokuwa nadhani ni doa la uchapaji, kuna kamba ya nanga.